KAMERA KATIKA GHALA LA CHAMA



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi kamera ya dijitali, hata ile iliyomo ndani ya simu, yaweza kuwa msaidizi wa daftari hilo. Mkulima wa Lusewa akileta ufuta wake ghalani, kisha ikadaiwa kwamba ulikuwa na mchanga, neno lake husimama peke yake. Picha iliyopigwa vema siku ya mapokezi humlinda yeye, na humlinda pia karani mwaminifu. Picha yenye ukungu haimlindi yeyote.

Kwanza ni mwanga. Jua liwe nyuma au ubavuni mwa mpigaji, lisiwe mbele yake. Katikati ya mwaka, wakati wa mauzo ya ufuta, jua la adhuhuri kwetu huwa upande wa kaskazini; basi ipe kaskazini mgongo, ila kivuli chako kisiangukie mzigo. Nuru ya asubuhi na ya alasiri ni laini zaidi. Ndani ya ghala fungua milango yote. Usiitegemee taa ya kamera, kwani kwa kamera ndogo hufika mita chache tu, na vumbi la hewani hutokea pichani kama madoa meupe.

Pili ni utulivu. Futa lenzi kwa kitambaa laini na safi. Shika kamera kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, na ubonyeze polepole. Penye giza, iweke juu ya meza au gunia na utumie kipima muda chake, ili mkono usiitikise.

Tatu ni mpangilio. Piga picha tatu: ya kwanza ionyeshe shehena yote na mahali ilipo, ya pili gunia na alama yake, ya tatu punje zenyewe kwa karibu, na rula kando yake. Badala ya kukuza picha kwa kitufe, sogea kwa miguu, kwani ukuzaji wa kidijitali hukata kipande cha picha na kukitanua tu. Mizani ya mshale ipigwe kutoka mbele yake, lenzi ikiwa sawa na mshale. Ukisimama upande, mshale huonekana umeelekea namba nyingine.

Nne ni utunzaji. Rekebisha tarehe na saa ya kamera kabla ya kazi. Picha ya asili isifutwe wala kubadilishwa. Tengeneza nakala na kuihifadhi mahali pengine. Andika daftarini namba ya picha, tarehe, mahali na jina la mpigaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini uzito wake hupimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa.

Ikumbukwe kwamba picha haichukui nafasi ya stakabadhi ya ghala. Tena, mwanachama aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha.

Tunashauri kila Katibu apige mizani ya chama chake asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha alinganishe picha hizo pamoja na Kamati. Makosa yaonekane sasa, kabla gunia la kwanza halijafika.