Talai: Mtaa Uliozaliwa na Sheria

Aghalabu mitaa ya miji yetu huanzia kwenye kazi: watu huja kutafuta mshahara, hujenga vibanda, na jina hufuata. Mjini Kericho, kati ya mashamba ya majani-chai, upo mtaa mdogo wenye asili tofauti. Unaitwa Talai.

Talai ni jina la ukoo, ule ambao kwao alitoka orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wakipsigis na Wanandi. Mkoloni aliuogopa. Mwaka 1934 alitunga sheria ya kuwahamisha, na watu wapatao 700 wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria.

Hapa mwanaisimu hana budi kusita kidogo. Sheria hiyo iliwaita "laibon", neno lenye asili ya Kimaasai, ilhali Kikipsigis kilikuwa na neno lake. Yaani walifukuzwa kwao kwa jina la jirani!

Waliporejea, uhuru ukikaribia, ardhi yao ilikwisha kuwa ya wengine. Ndipo wengi wakaishia pembezoni mwa mji, wakajenga palepale walipopata nafasi, na wajukuu wao wangali humo. Mwalimu wa historia aliyeko Kericho hana haja ya kuanzia Berlin anapofunza ukoloni; awapeleke wanafunzi Talai kwa miguu, wakawasikilize wazee.

Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis wenzao waliishtaki Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Walilalamikia kunyang'anywa ardhi yao.