Kalamu Nayo Huiba

Mwizi wa fedha si lazima avunje mlango, kalamu yatosha. Huko Marekani, mwaka 2016, benki kubwa iitwayo Wells Fargo ilitozwa faini ya dola milioni 185. Kosa lake? Watumishi waliwafungulia wateja akaunti wasizoziomba, na baadhi ya wateja wakatozwa ada kwa mambo wasiyoyajua.

Makarani hao hawakuzaliwa wezi. Wakubwa waliwadai akaunti mpya nyingi kila siku, nao wakaogopa kupoteza kazi, wakaandika uongo. Watumishi wapatao 5,300 walifukuzwa; hata kazi waliyoiogopea ikawaponyoka.

Fikiri sasa juu ya chama chenu cha kuweka na kukopa. Huenda siku moja mwenyekiti akamwambia mweka hazina, “Andika tu, hakuna atakayejua.” Neno la mkubwa halifuti Amri ya Saba wala ya Nane. Na ajibu kwa heshima, “Mzee, mwenye fedha aulizwe kwanza.”

Enyi wazazi, wafundisheni watoto uaminifu huo mapema, wangali wakitumwa dukani na kurudisha chenji.