Mzee Alalaye na Mkonga

Msomaji mpenzi, je, nyumbani mwako yumo mtu akoromaye? Kama yumo, bila shaka umepata kumcheka. Watu wengi hudhani kwamba mtu akikoroma sana basi amelala sana. Hata sisi hapa Ngulyati tulidhani hivyo, mpaka yalipompata baba mkubwa wangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nikusimulie habari zake, kwa sharti moja tu, kwamba nisilitaje jina lake.

Kukoroma kwake kulijulikana kwa majirani wote. Mgeni mmoja aliyelala kwake msimu wa pamba aliamka akauliza, "Kumbe hapa mnasaga mahindi hata usiku?" Tukacheka sana. Lakini mama mkubwa hakucheka. Yeye alijua jambo tusilolijua. Mara kwa mara kelele ile hukatika ghafula, pakawa kimya. Basi mama huhesabu gizani, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na zaidi, ndipo mzee hushtuka kama mtu aliyeopolewa majini, akavuta pumzi kwa nguvu, akaanza tena. Miaka mingi mama yule hakupata usingizi kamili, kwa kuilinda pumzi ya mwenzake.

Mchana nao ulikuwa na mambo yake. Kila aketipo, baba mkubwa husinzia. Katika mkutano wa ushirika aliinamisha kichwa mara mbili, wenzake wakaandika kwamba amekubali hoja zote mbili. Hilo lilikuwa la kuchekesha. Lakini siku moja alisinzia juu ya pikipiki akitoka Bariadi, akaingia mtaroni, akavunjika mkono. Hapo kicheko kikaisha. Wanawe wakampeleka hospitali ya mjini, akalala usiku mmoja akiwa amefungwa vyombo vya kupimia usingizi.

Daktari akawaeleza hivi. Tulalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mno hata njia ya hewa ikaziba. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo huhesabiwa mara moja. Ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa, yafaa mtu achunguzwe. Ikifika mara 30, ugonjwa ni mkali. Kila mara ubongo humwamsha mtu kidogo ili apumue, naye asubuhi hakumbuki neno. Ndiyo maana aweza kulala saa nane akaamka amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Tena ugonjwa huu huambatana na shinikizo kubwa la damu na maradhi ya moyo.

Je, dawa yake ni nini? Zamani, mgonjwa aliyezidiwa hutobolewa tundu shingoni apate kupumua. Lakini mwaka 1980, katika mji wa Sydney nchini Australia, Daktari Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa asiyetaka kutobolewa. Akatumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, akaifanya ipulize hewa kwa bomba mpaka puani mwa yule mtu, naye akalala vizuri. Mwaka 1981 habari hiyo ikachapwa katika gazeti la madaktari, na tangu hapo mashine hizo zimeenea duniani, zikawa ndogo na zenye sauti ya chini.

Mashine haina dawa ndani yake. Huvuta hewa ile ile ya chumbani na kuisukuma kooni ili njia isizibe. Ukitaka kujua nguvu yake, chukua mrija wa soda, uzamishe sentimeta 10 katika maji, kisha upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu ya mashine hupimwa kwa njia hiyo hiyo, nayo kwa kawaida huwekwa kati ya sentimeta 4 na 20 za maji.

Basi mzee akarudi nyumbani na mashine yake, barakoa ya pua na bomba refu. Usiku wa kwanza wajukuu walichungulia mlangoni. Mmoja akapiga kelele kwamba Babu amekuwa tembo. Mwingine alipoliona bomba limejikunja kitandani akatoka mbio, akidhani ni chatu wa wale Bayeye wachezao ngoma na nyoka. Alfajiri jirani akapita dirishani, akaita, "Mwangaluka!" Baba mkubwa akasahau barakoa, akafungua kinywa ajibu. Lo! Hewa yote iliyoingia puani ikatokea mdomoni kwa kishindo, asiweze kutamka hata neno moja. Jirani akaenda zake akisema mzee ameamka na hasira.

Lakini neno baya likafuata. Watu wakanong'ona kwamba mtu anayelala na mashine yu karibu kufa. Mzee akaona haya, akaisukuma mashine chini ya kitanda. Usiku ule kelele zikarudi, na kimya kikarudi, na mama mkubwa akaanza tena kuhesabu. Asubuhi akamwambia, "Baba, mimi nimechoka kuhesabu. Siku nitakayosinzia mimi, nani atakuhesabia?" Mzee hakujibu. Jioni mjukuu wake mdogo akaitoa mashine uvunguni, akaipangusa vumbi, akasema, "Babu, tembo halali bila mkonga." Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo huuvaa kila usiku, na yeyote amchekaye yeye humcheka zaidi.

Msomaji wangu, si kila akoromaye ni mgonjwa. Lakini ukiona mtu anakoroma, pumzi inakatika, na mchana anasinzia ovyo, usingoje pikipiki iingie mtaroni, mpeleke kwa daktari. Wanene hupatwa zaidi, lakini hata wembamba hupatwa. Kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala ubavu husaidia. Mwenye mashine aioshe barakoa kwa sabuni nyepesi, na kichujio cha hewa akitazame mara kwa mara, maana vumbi letu la kiangazi halina huruma. Umeme ukikatika asiogope. Barakoa ina matundu ya hewa, aivue tu.

Na ninyi majirani, chekeni, lakini chekeni pamoja na mgonjwa. Kicheko kimoja kilimtia mzee haya, na kingine kikamrudishia pumzi. Siku hizi nyumbani kwa baba mkubwa usiku ni kimya, na mama mkubwa hahesabu tena. Amelala.