Mchezo wa kompyuta wa zamani usiofunguka

Mchezo wa zamani ukikataa kufunguka kwenye kompyuta mpya, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Michezo ya MS-DOS ya miaka ya 1980 na 1990 kwa kawaida ni programu za biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa. Kuiweka upya ni kumlipa fundi bure. Dawa ni DOSBox, programu isiyolipiwa iliyotolewa mwaka 2002, ambayo huiga kompyuta ya zamani. Ni ndogo: aliyeko Sumbawanga au kijijini Ufipa anaweza kuletewa kwa flashi, na haihitaji intaneti.

Diski zenye kinga ya SafeDisc ni jambo jingine. Windows 10 (2015) huzikataa hata zikiwa halali, na hapo ndipo wengi hupakua mafaili ya kuvunja kinga kutoka kwa wasiowajua, wakapata virusi.