Fahamu: Kwa nini mali ya wote huharibika, na Ziwa Jipe linatufundisha nini

Mwaka 1968, Garrett Hardin wa Marekani alieleza janga la mali ya pamoja: kinachotumiwa na wote bila utaratibu huisha, kwa kuwa faida humwendea mmoja na hasara hugawanywa kwa wote.

Hali ya Jipe

Ziwa hili limekatwa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Mto Lumi huleta tope kutoka mashambani, magugu yametanda majini, na mvuvi anayewaachia perege wachanga hana hakika kwamba mwenzake wa ng'ambo hatawavua kesho.

Je, hakuna dawa?

Ipo. Elinor Ostrom, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa watumiaji wenyewe wanaweza kutunga kanuni na kuzisimamia. Upareni, jirani na Jipe, ushahidi uko wazi: ndiva, mabwawa ya jadi ya umwagiliaji, hukusanya maji ya mifereji usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Utaambiwa ndiva ni ya wanakijiji wanaojuana, ziwa ni la nchi mbili. Ni kweli, na ndiyo sababu kanuni za upande mmoja haziwezi kuiokoa Jipe. Wakulima wa Lumi na wavuvi wa pande zote mbili wanahitaji kikao kimoja.