Mpaka Ndani ya Ubongo wa Samaki

Kwetu Njisi, kitoweo ni mbasa na usipa. Vile visamaki vya rangi vinavyojibanza kwenye miamba ya Matema havina mnunuzi sokoni, lakini Marekani vina heshima zake. Mwaka 2010, Jonathan Sylvester na Todd Streelman wa chuo cha Georgia Tech, pamoja na wenzao, walilinganisha viinitete vya samaki wa miamba na wa mchanga wa Ziwa Nyasa. Wa miamba wana sehemu ya mbele ya ubongo kubwa zaidi. Wa mchanga wamezidi kwa thalamasi, sehemu iliyo nyuma yake.

Ilidhaniwa tofauti hiyo huja baadaye, seli shina zikizaliana zaidi upande mmoja. Kumbe jeni kama six3, irx1b na wnt1 huchora mpaka kati ya sehemu hizo mapema, kabla seli hizo hazijazaa seli za neva. Sisi wa Njisi, kando ya mto Songwe mpakani na Malawi, tunaujua mchezo huo: mto ukihama, shamba linaangukia Malawi. Viinitete vya miamba vilipotiwa kloridi ya lithiamu kwa wakati maalumu, mpaka ulisogea, ubongo ukafanana na wa samaki wa mchanga.

Binadamu naye ana six3. Ikiharibika, ubongo wa mtoto tumboni unaweza kushindwa kugawanyika pande mbili.