Mtoto akishikwa anaiba, muulizeni anarudi kwa nani

Mzee mwenye duka alikuwa anamjua yule mvulana siku nyingi. Anajua anavyosimama mbele ya rafu, anavyozungusha vidole kama mtu anayenuia jambo, na mkono unavyoteremka. Siku moja mvulana kaja na binti mdogo, naye kaanza kuiga ishara zile zile. Mzee hakupiga yowe. Alimpa mvulana vitu vitamu viwili na kumwambia asimwingize mdogo wake katika kazi hiyo.

Tukio hilo limo katika Shoplifters, filamu ya Mjapani Hirokazu Kore-eda iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2018. Wizi umo na polisi wamo, lakini mzigo wa hadithi ni undugu.

Yule binti, Yuri, hakuzaliwa katika nyumba inayomfundisha udokozi. Osamu, mwenye nyumba hiyo, na kijana wake Shota, yule mvulana wa dukani, walimkuta nje usiku wa baridi, ana njaa, wakamchukua wakamlisha. Alipopelekwa kwao ili arudishwe, wazazi wake walisikika wakigombana ndani, mama akisema kwa sauti kwamba hata hakutaka kumzaa. Wakarudi naye. Mwilini alikuwa na makovu. Katika kile kinyumba cha kubanana, chenye bibi anayeishi kwa pensheni na mke wa Osamu anayefanya kazi ya udobi, Yuri alipata jina jipya, akakatwa nywele, akakumbatiwa. Humo humo akafundishwa kuiba. Kore-eda hawatakasi walezi hawa, na mimi pia siwatakasi: mkono uliompa mtoto uji ndio uliomtuma dukani.

Nimeifikiria sana filamu hii kwa sababu ya kata ya Kasulo, wilayani Ngara. Ni sehemu chache za nchi yetu zilizoona familia zikiundwa upya kama kata hii ilivyoona. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita na mauaji kwao, na wengi wakatua Benaco, humu humu Kasulo. Maelfu ya watoto walifika bila baba wala mama. Mashirika ya misaada yalihangaika kuwatafutia ndugu, lakini usiku wa kwanza haukungoja shirika. Mtoto alilala kwa aliyetembea naye njiani, kwa jirani wa kijiji kimoja, au kwa mama aliyepoteza wa kwake. Wapo waliopata wazazi kweli kweli. Wapo pia waliochukuliwa kwa sababu ya mikono yao: maji yachotwe, kuni ziokotwe. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996. Kambi ya Warundi ya Lukole ilidumu hadi 2008. Nani mzazi na nani mlezi halijawahi kuwa swali la sinema huku.

Leo Benaco ni mji wa barabarani, malori yakielekea Rusumo na kurudi. Tofauti na lile duka la filamu, maduka yetu mengi ya mitaani yana nondo au wavu mbele. Mteja anaonyesha kwa kidole, anapewa. Kwa hiyo mdokozi wa kwetu hapiti kwenye rafu. Yuko gulioni penye lundo la mitumba na mafungu ya dagaa, au yuko ndani ya nyumba alikopelekwa kufanya kazi akiwa bado mdogo. Akishikwa, kelele za mwizi haziulizi umri. Kofi la kwanza likishapigwa, la pili halina mwenyewe. Na siku hizi kuna jambo jingine linaloniuma zaidi: simu inatolewa, binti anapigwa picha na bidhaa zikiwa mkononi, na sura yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla shangazi yake hajapata habari.

Sheria ya nchi inataka vingine kabisa. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtoto wa chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kwa lolote alilotenda, na wa chini ya miaka 12 hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba alijua anakosea. Mtu mzima aliyemtuma ndiye mkosaji, na anayepokea kitu huku akijua ni cha wizi ana kosa lake. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kesi yake husikilizwa faragha, mzazi au mlezi na ofisa ustawi wa jamii wakiwepo, na ofisa huyo huandaa taarifa ya maisha ya mtoto: anaishi na nani, nyumbani kukoje. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, au kumkabidhi kwa mlezi wa kuaminika hata kama si wa damu yake.

Maofisa wa kwenye filamu hawakufika hatua hiyo ya kumfikiria mlezi asiye wa damu. Siku moja Shota alimwona Yuri akianza kuiba katika duka kubwa. Ili macho yamwache mdogo wake, alinyakua mfuko wa machungwa, akakimbia, akaruka chini kutoka barabara iliyoinuka, akavunjika mguu. Hawakuzaliwa tumbo moja, na sijui ndugu wa damu angefanya zaidi ya hapo. Polisi wakaisambaratisha familia. Mke wa Osamu akaubeba mzigo wa makosa yote, akafungwa. Yuri akarudishwa kwa mama aliyemzaa, kwenye nyumba ile ile ya makovu, na faili likafungwa. Walimtafuta aliyemzaa, wakampata, wakaona kazi imekwisha. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko machungwa yote yaliyoibwa.

Basi wenye maduka na meza za gulioni, Benaco na kwingine: ukimshika binti na kitu chako, chukua kitu chako na uweke mkono chini. Simu ipige kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ikibidi kwa dawati la jinsia na watoto la polisi; usimpige nayo picha. Nanyi maofisa ustawi, msiandike ile taarifa ya maisha ya mtoto mkiwa mezani. Fikeni anakolala, mjue ni nani aliyemtuma na ni nani aliyemkosa jana usiku akatoka kumtafuta.